Mtulinga umeunga, kona ya kulia napita, kona ya kushoto baiskeli inagoma. Tatizo ni mimi au ni chuma?

#1 KonaKushoto
Wakuu salaam. Nitaeleza kwa kirefu kidogo, mnivumilie.

Miezi mitano iliyopita nilikuwa nashuka mteremko ninaoujua nje ndani. Mvua ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kudondoka. Nikaingia kona ya kushoto, wala si kali. Gurudumu la mbele likateleza, na kabla sijasema "ala!" niko chini kwa ubavu wa kushoto, baiskeli inaserereka mbele yangu. Mtulinga wa kushoto ulivunjika katikati, nyonga na kiwiko vikachunika. Kofia iligonga lami ila sikuzirai. Daktari akasema vipande vimekaa karibu karibu, hakuna haja ya kupasua. Mkono ukaning'inizwa kwenye kitambaa wiki sita, na eksirei ya mwisho ikaonyesha mfupa umeunga.

Hii ni wiki ya saba tangu nirudi barabarani. Mlima napanda, tambarare nakwenda, kona ya kulia nalala nayo kama zamani. Sasa ije ya kushoto! Baiskeli inaleta ubishi, inataka kwenda moja kwa moja. Juzi nimepanuka mpaka nikatoka kabisa kwenye mstari wangu. Baiskeli ni ileile niliyoanguka nayo.

Aliyewahi kupatwa na kitu kama hiki anisaidie. Na kabla hamjaniuliza: breki sikushika.

#2 MzeeWaTandiko
Mwanangu, huo ni woga tu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ulianguka kushoto, kwa hiyo mwili unakataa kushoto. Ungeanguka kulia ungetuletea uzi wa kulia.

#3 Spoku36
"Breki sikushika." Haya bwana.

#4 FundiMnyororo
Mzee #2 heshima yako, lakini mimi nashika spana kila siku na nakwambia kabla hujamlaumu mtu kagua chuma. Baiskeli ikianguka kwa ubavu usukani huzunguka ghafla na kugonga fremu. Hapo vitu vitatu huharibika kimyakimya.

Kwanza foko. Ikipinda kidogo upande huioni kwa macho, ila baiskeli itavuta upande mmoja. Simama mbele yake, funga uzi kutoka katikati ya shingo ya usukani mpaka chini, uangalie kama gurudumu linakaa katikati. Kama foko ni ya kaboni ndiyo hatari zaidi, kwa sababu kaboni haipindi: inapasuka kwa ndani, siku nyingine inakatika. Ivue kabisa, ipitishie kidole na tochi kila sehemu.

Pili gololi za shingo. Zikipigwa huacha vidimbwi kwenye njia yake. Inua gurudumu la mbele, zungusha usukani kwa kidole kimoja. Ukisikia kama kuna kituo pale katikati, kama kitasa kinachoingia mahali pake, basi umepata mchawi wako.

Tatu waya. Fundi aliyekutengenezea akikata kava ya waya fupi, usukani unavutwa nyuma kila ukiugeuza upande mmoja.

Na usisahau kile kipande kidogo kinachoshikilia mashine ya gia nyuma. Wewe ulianguka kushoto kwa hiyo huenda umesalimika, lakini walioanguka kulia wasiguse gia kubwa ya nyuma kabla ya kukikagua. Kikiwa kimepinda, mashine inaingia kwenye spoku na unarudi chini mara ya pili siku hiyohiyo.

#5 BiGia
Asante fundi. Ila jambo moja hakuna aliyeligusa: mleta uzi kavunja mtulinga wa KUSHOTO na anashindwa kona ya KUSHOTO. Mnajua baiskeli inageuzwaje ikiwa kwenye mwendo? Haigeuzwi kwa kuzungusha usukani upande unaotaka kwenda. Ili uende kushoto, mkono wako wa kushoto unausukuma usukani mbele kidogo, kana kwamba unataka kwenda kulia. Magurudumu yanatoka chini yako upande wa kulia, baiskeli inalala kushoto, ndipo inapinda. Ni kitendo cha kufumba na kufumbua, mwili unakifanya bila kukuomba ruhusa.

Sasa bega lililofungwa wiki sita lina nguvu gani ya kusukuma? Msuli umenywea, na ubongo bado unalilinda. Mkono wa kushoto ukigoma kusukuma, kona ya kushoto haiji. Kona ya kulia inasukumwa na mkono mzima, ndiyo maana haina shida.

#6 Tambarare_Tu
Ngoja kwanza. Yaani ili niende kushoto nageuza usukani kulia? Dada BiGia, tuheshimiane. Nimeendesha tangu nina miaka saba na sijawahi kufanya uchawi huo.

#7 BiGia
Umekuwa ukifanya kila siku kaka. Tafuta uwanja mtupu, nenda moja kwa moja kwa mwendo wa kawaida, viganja vilegee juu ya usukani. Halafu kwa kiganja cha kushoto sukuma mbele polepole sana, kidogo tu. Uje utuambie baiskeli imelala upande gani.

#8 Spoku36
Avae kofia kwanza.

#9 MuuguziZamu
Habari zenu. Naona mafundi wa chuma na mafundi wa bega. Mimi nina maswali ya kichwa, kwa sababu kuna sentensi imenisumbua: "kofia iligonga lami ila sikuzirai".

Kutozirai si ushahidi kwamba ubongo haukutikisika. Wengi wanaopata mtikisiko wa ubongo hawapotezi fahamu hata sekunde moja. Mleta uzi, siku zile za mwanzo ulikuwa na kichwa kuuma, mwanga kukukera, kusahausahau, usingizi kuvurugika? Na lingine: ukigeuka kitandani, au ukiinua uso kutazama juu, chumba kinazunguka kwa sekunde chache halafu kinatulia?

Nauliza hilo la mwisho kwa sababu ndani ya sikio kuna chembechembe ndogo mfano wa chokaa, zinazosaidia mwili kujua uko wima au umeinama. Kichwa kikigongwa zinaweza kubanduka na kuingia kwenye mirija ya sikio isiyo yake. Kila ukigeuza kichwa upande fulani, sikio linaupelekea ubongo taarifa ya uongo. Mtu akijiinamisha kwenye kona huku sikio la upande huo linasema uongo, mwili utakataa, na utakuwa na haki. Habari njema ni kwamba mtaalamu anaweza kuzirudisha kwa kukulaza na kukigeuza kichwa kwa mpangilio maalumu, bila dawa wala kisu.

Na kwa wengine wanaosoma: baada ya kugonga kichwa, mtu akitapika mara kwa mara, kichwa kikizidi kuuma badala ya kupungua, akisinzia isivyo kawaida, akichanganyikiwa, akipata degedege, au mboni moja ya jicho ikawa kubwa kuliko nyingine, huyo hapelekwi nyumbani kupumzika. Anapelekwa hospitali hapohapo.

#10 KonaKushoto
Shukrani wote. Nijibu kwa mafungu.

Fundi #4: usukani nimeuzungusha, siwezi kuapa kama kuna kituo au nakitafuta tu kwa sababu umenitajia. Foko ni ya chuma. Waya zilibadilishwa.

BiGia #5: bega la kushoto kweli limepungua. Nikivua shati mbele ya kioo naonekana kama watu wawili wamegawana mwili mmoja.

Muuguzi #9: kichwa kiliuma kama wiki hivi, nikadhani ni dawa za maumivu. Kizunguzungu cha kitandani kilinipata mara mbili tatu mwezi wa kwanza, kikaisha chenyewe. Sasa hivi sina. Au sijakichokoza.

#11 MzeeWaTandiko
Mimi bado nasema ni woga.

#12 Pedali_Moja
Hili la kichwa msilichukulie mzaha. Mwaka fulani nilianguka kwenye msafara wa wenzangu, gurudumu langu la mbele lilikuwa limepishana kidogo na la nyuma la mwenzangu, akasogea, tukagusana, mimi ndiye niliyekwenda chini. Hivi ndivyo nilivyosimuliwa. Mwenyewe nakumbuka kufunga viatu asubuhi, halafu nakumbuka niko bafuni nyumbani. Katikati pale niliendesha kilomita kumi na kitu nikiongea na watu, wanasema nilirudia swali moja kila baada ya dakika chache: "Saa yangu mmeiona?" Saa nilikuwa nimeivaa.

Kurudi kulinichukua muda kuliko mfupa wowote niliowahi kuvunja. Daktari alinipa ngazi: kwanza shughuli nyepesi za nyumbani, halafu baiskeli iliyofungwa ndani isiyokwenda popote, halafu barabara tulivu peke yangu, mwisho kabisa kundi. Kila ngazi angalau siku nzima, dalili zikirudi unashuka ngazi moja. Nilishuka mara nne. Kofia ilikuwa nzima kwa nje, ndani povu limebonyea kama mkate uliokaliwa.

#13 Chuma_Hakiozi
Kofia yangu imeanguka nami mara tatu na bado ipo. Za zamani zilikuwa ngumu.

#14 MuuguziZamu
#13 kaka yangu, hiyo umebaki nayo kwa mapambo. Lile povu hufanya kazi kwa kubonyea, ndilo linalokula kishindo ili fuvu lisile. Likishabonyea halirudi. Mara ya pili kishindo kinapita moja kwa moja. Ikishagongwa sawasawa mara moja, hata kama ganda linang'aa, itupe, na kabla ya kuitupa ikate kamba asije mtu akaiokota.

#15 Chuma_Hakiozi
Mbona wale wakubwa wa zamani walipanda milima ya Ufaransa na kofia za kitambaa wakazeeka salama?

#16 Kilomita_Mia
Walizeeka waliozeeka. Fabio Casartelli, Mwitalia aliyekuwa bingwa wa Olimpiki 1992, alifariki 1995 kwenye Tour de France, mteremko wa Col de Portet d'Aspet, kichwa wazi. Na kabla ya hapo, 1991, chama cha baiskeli cha dunia kilijaribu kulazimisha kofia ngumu, waendeshaji wakagoma. Ilikuja kuwa lazima 2003 baada ya Andrei Kivilev wa Kazakhstan kuanguka kwenye mbio za Paris–Nice mwezi Machi na kufariki kwa majeraha ya kichwa. Hata hapo waliachiwa kwanza kuivua kwenye mpando wa mwisho wa siku, kwa sababu ya joto. Sasa hakuna anayeivua.

#17 Gia_Kumi_na_Moja
Tukiwa kwenye mabingwa, mleta uzi usikate tamaa. Chris Froome, yule Mwingereza aliyeshinda Tour de France, alivunja mtulinga 2019 na akarudi.

#18 Kilomita_Mia
Mtulinga? Froome 2019 alivunja paja, kiwiko na mbavu, na si hizo tu. Alikuwa anakagua njia ya mbio za saa (kila mtu peke yake dhidi ya saa) za mashindano ya Critérium du Dauphiné, yuko kasi, akaachia mkono mmoja apenge kamasi, upepo ukalipiga gurudumu la mbele, akaishia kwenye ukuta. Alirudi kushindana Februari 2020, lakini tuwe wakweli, Tour de France hakuishinda tena.

Ukitaka mfano wa kona na mteremko mtafute Annemiek van Vleuten wa Uholanzi. Rio 2016 alikuwa anaongoza mbio za barabara za Olimpiki, akaanguka kwenye mteremko karibu na mwisho, uti wa mgongo ukavunjika sehemu tatu na ubongo ukatikisika. Mwaka uliofuata akawa bingwa wa dunia wa mbio za saa, na kwenye Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika 2021 akachukua dhahabu ya mbio hizohizo.

#19 Spoku36
Funzo la Froome: kamasi ivutwe ndani mpaka ufike.

#20 Gia_Kumi_na_Moja
Nimekubali #18. Lakini kuna yule Mmarekani Tyler Hamilton, huyu ndiye wa mtulinga hasa! 2003 ulipasuka hatua ya kwanza ya Tour, akaendelea mpaka mwisho, akashinda hatua moja na kumaliza wa nne.

#21 Pedali_Moja
Na baadaye akakiri mwenyewe kwamba alikuwa anatumia dawa zilizokatazwa. Mleta uzi atumie uji tu.

#22 Kiganja
Naomba niwaondoe kwenye mabingwa kidogo, maana wenzetu wana daktari anayewafuata kwa gari. Mimi nilianguka polepole mno, nimesimama karibu, viatu vimenasa kwenye pedali, nikajikinga kwa mkono. Aibu tupu. Kiganja kilivimba kidogo upande wa dole gumba. Nikapigwa eksirei, nikaambiwa mfupa mzima, ni msuli umevutika. Nikafunga bandeji siku nne, nikaendelea kuendesha.

Miezi mitatu baadaye kushika breki ni mateso. Kipimo kipya kikaonyesha kuna mfupa mdogo wa kifundo cha mkono umevunjika na haujaunga. Huyo mfupa, nilikuja kuelezwa, ana tabia mbili mbaya. Ufa wake mara nyingi hauonekani kwenye picha ya siku ya kwanza, unatokea baada ya wiki mbili hivi. Na damu inaingia kwa mlango mmoja wa upande wa vidole na kurudi nyuma, kwa hiyo ukivunjika katikati, nusu ya nyuma inaweza kukosa damu na kufa. Nilipasuliwa, nikawekewa skrubu.

Kwa hiyo ukianguka kwa kiganja: nyoosha mkono, nyanyua dole gumba, kuna kishimo kinatokea pale chini yake karibu na kifundo. Bonyeza humo. Kikiuma, usikubali kuambiwa "umeteguka tu". Omba wakufunge kana kwamba umevunjika, urudi kupigwa picha tena baada ya siku kumi au kumi na nne.

#23 Tambarare_Tu
Nimerudi kutoka uwanjani. Nimesukuma kiganja cha kushoto kama dada BiGia alivyosema. Baiskeli imelala kushoto. Nimerudia mara kumi nikitafuta kosa. Sasa miaka yote hii nilikuwa naendeshaje? Naomba radhi hadharani, na naomba pia nisaidiwe kusahau, maana tangu nilijue sasa siwezi kwenda hata moja kwa moja.

#24 BiGia
Hahaha. Itapita. Usiifikirie.

#25 JichoMbele
Uzi mzuri. Ninyi wote mmeliacha jicho. Baiskeli inakwenda unakotazama, hilo halina mjadala. Mtu aliyeanguka kona ya kushoto akiifikia tena haitazami kona, anatazama pale anapoogopa kuangukia: kokoto, mstari wa rangi, ukingo. Na akishapatazama anakwenda hukohuko. Mleta uzi, ukiingia kona ya kushoto unatazama wapi? Shingo yako inageuka kushoto sawasawa na kulia? Bega lililovunjika huwa linaifunga na shingo.

#26 MzeeWaTandiko
Kwa maneno mengine: woga.

#27 JichoMbele
Mzee, woga ni jina. Mimi naeleza unavyofanya kazi.

#28 KonaKushoto
#25 umenipata. Nimekaa kwenye kiti nikageuza shingo mbele ya kioo. Kulia kidevu kinafika karibu na bega. Kushoto kinaishia njiani, halafu kiwiliwili kizima kinaanza kugeuka kusaidia. Sikuwahi kugundua.

Na natazama wapi? Natazama lami mita tatu mbele ya gurudumu, natafuta unyevu. Hata siku ya jua kali. Siku ile nilipita juu ya ule mstari mweupe wa rangi, uling'aa, nikagusa breki ya mbele kidogo, tangu hapo nikiuona tu

#29 Spoku36
SIMAMA HAPO. "Nikagusa breki ya mbele kidogo." Rejea bandiko #1, mstari wa mwisho.

#30 Pedali_Moja
Nimecheka mpaka mtulinga wangu wa zamani umeuma.

#31 KonaKushoto
Jamani niligusa tu. Sikushika.

#32 FundiMnyororo
Tairi la mbele haliijui tofauti hiyo. Uwezo wake wa kushika lami ni mmoja, unagawanywa. Ukiutumia kulala kwenye kona, kilichobaki cha breki ni kidogo. Weka juu yake rangi ya barabara iliyolowa, ambayo huteleza kama sahani yenye sabuni, tena mvua inaanza, ndipo mafuta na vumbi la siku zote za jua yanaelea juu. Mvua ikinyesha kwa muda inayaosha, lakini zile dakika za kwanza ndizo mbaya. Kasi inapunguzwa kabla ya kona, baiskeli ikiwa bado imesimama wima. Na upepo kwenye tairi ulikuwa umejaza kiasi gani? Wengi wanajaza mpaka linakuwa jiwe, halafu linarukaruka badala ya kushika.

#33 KonaKushoto
Jiwe.

#34 Kidonda_Mbichi
Samahani kuingilia. Nimeanguka jana, paja na kiwiko vimechunika vibaya. Jirani kaniambia nimwagie spiriti kisha niache wazi likauke lifanye gamba. Mmwagio wa kwanza tu nimeona nyota mchana. Niendelee?

#35 MuuguziZamu
Usiendelee! Spiriti inaua na nyama nzima inayojaribu kuziba kidonda. Osha kwa maji safi yanayotiririka, mengi, na sabuni laini kuzunguka. Kokoto na vumbi lazima vitoke vyote, hata kama inauma, maana vikibaki ngozi itafungia juu yake na utakuwa na michoro ya bluu maisha yako yote. Usikiache kikauke, funika kwa bandeji isiyong'ang'ania, kidonda chenye unyevunyevu kinafunga haraka na kwa kovu dogo. Kikianza kutoa usaha, wekundu ukisambaa au ukapata homa, nenda kwa daktari. Na chanjo ya pepopunda mara ya mwisho ulichoma lini? Kama hukumbuki, hilo ndilo jibu, nenda leo.

#36 Kidonda_Mbichi
Sikumbuki. Naenda. Asante dada.

#37 Kilomita_Mia
Nirudi kwa mleta uzi na swali la pembeni. Wewe zaidi ya baiskeli unafanya zoezi gani? Baiskeli inajenga moyo na mapafu lakini mifupa haiijengi, kwa sababu haibebi uzito wala kishindo. Waendeshaji wa barabara wa miaka mingi wamepimwa wakakutwa na mifupa myepesi kuliko watu wanaokimbia. Kunyanyua vyuma, kuruka kamba, hata kutembea na mzigo, ndivyo vinavyouambia mfupa ujikaze.

#38 Chuma_Hakiozi
Sasa tunaambiwa tutembee. Kesho tutaambiwa tuuze baiskeli.

#39 BiGia
Napendekeza jaribio, maana humu kila mtu ana mchawi wake. Mleta uzi, tafuta uwanja mtupu mkavu. Zungusha duara kubwa kushoto mara kumi, kulia mara kumi, kwa baiskeli yako. Kisha azima ya mwenzako, rudia. Kama ya kuazima inapinda vizuri, fundi #4 kashinda. Kama zote zinagoma, basi ni bega, shingo, sikio au huo woga wa mzee. Weka mtu pembeni akurekodi, usijitazame mwenyewe. Na tairi punguza upepo kwanza.

#40 MzeeWaTandiko
Kipimo kizuri. Matokeo nayajua.

#41 KonaKushoto
Nimerudi wakuu, wiki mbili zimepita, samahani kwa ukimya.

Baiskeli yangu: duara la kulia safi. La kushoto linakuwa na pembe, kama mtu anayechora duara kwa rula.

Ya kuazima: la kushoto lilikuwa bora. Si zuri, bora. Kama nusu ya tatizo liliondoka.

Nikampelekea fundi yangu akaifungua shingo. Foko imenyooka. Gololi zina vidimbwi kweli, akabadilisha. Nikarudi uwanjani: afadhali, lakini bado si kama ile ya kuazima. Muuguzi, nilipimwa sikio pia, nikalazwa na kugeuzwa kichwa, upande wa kushoto chumba kilisogea kidogo kikatulia. Mtaalamu akasema "inawezekana ni mabaki". Mazoezi ya bega na shingo nafanya kila asubuhi, kidevu kimesogea vidole viwili.

Kituko ni hiki. Mke wangu ndiye aliyerekodi. Tukatazama pamoja, akaniuliza, "Mbona kushoto huvuti pumzi?" Nikatazama tena. Kweli. Kila duara la kushoto mdomo umefungwa, viwiko vimekakamaa kama vya mtu anayesukuma gari.

#42 FundiMnyororo
Gololi. Nilisema.

#43 BiGia
Viwiko vilivyokakamaa haviwezi kusukuma usukani. Ndicho nilichokisema #5.

#44 MuuguziZamu
"Chumba kilisogea kidogo" si jambo la kupuuza. Rudi apime tena.

#45 JichoMbele
Kidevu vidole viwili! Ongeza.

#46 MzeeWaTandiko
Havuti pumzi. Mtu asiyevuta pumzi anaitwaje? Mimi sisemi kitu.

#47 Kilomita_Mia
Ila ile ya kuazima ilikuwa bora KABLA ya kubadilisha gololi, na yako hata baada ya kubadilisha bado haijaifikia. Kwa hiyo au kuna kingine kwenye chuma chako, au kwa sababu hukuanguka na ile mwili hauna kinyongo nayo. Hapo bado hamjanijibu.

#48 FundiMnyororo
Tairi za ile ya kuazima zilikuwa na upana gani?

#49 KonaKushoto
Pana zaidi ya zangu. Na usukani wake upo juu kidogo.

#50 Spoku36
Mambo mapya kabisa, bandiko la 49. Kama breki vile.

#51 Tambarare_Tu
Jamani mimi sijawahi kuanguka maishani, mitulinga yote ipo, na tangu nisome #5 kona ya kulia ndiyo inayonigomea. Nifungue uzi wangu au niendelee humuhumu?